Katamarani ya Ziwani na Maneno ya Pwani

Watu wengi wa pwani husadiki kwamba bahari ni yetu na maziwa ni ya bara, wala hapana la kujifunza huko kwa mtu aliyelelewa na pepo za Kaskazi na Kusi. Mimi nasema lipo, na tena latuhusu sisi wenyewe, lugha yetu na watoto wetu.

Mpwa wangu afanyaye kazi Kisumu alinunua chombo kidogo kilichokwisha kutumika, aina ya Hobie 16. Kilimfikia vipande vipande, naye akaniita nimsaidie kukiunga na kukitweka tanga kwa mara ya kwanza. Chombo hicho ni katamarani, yaani matumbwi mawili membamba yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu, mtu akakaa katikati. Neno lenyewe latoka kwa Watamili wa kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Aina hii ilibuniwa mnamo mwaka 1970 na Mmarekani Hobie Alter wa California, aliyekuwa fundi wa mbao za kuchezea mawimbi. Urefu wake ni mita 5.05, upana mita 2.41, na uzito kilo 145 tu, hata watu wanne hukibeba wakakitia majini.

Lakini fikira yenyewe si ya juzi. Watu wa visiwa vya Pasifiki walisafiri kwa vyombo vya matumbwi mawili karne na karne. Mwaka 1876 Nathanael Herreshoff aliingiza chombo cha namna hiyo, Amaryllis, katika mashindano ya New York akawapita wenzake, nao wakamlalamikia hata akanyimwa ushindi. Na ngalawa yetu, je? Si elimu ile ile? Chombo chembamba hukimbia, lakini hupinduka. Basi wazee wakakipa mbao mbili za kuelea, moja kila ubavu, kikatulia. Mwenye katamarani amelipasua tumbwi pande mbili, na mwenye ngalawa amelipa mbawa. Wote wawili wamekimbia hatari moja.

Kazi ya kuunga ilituchukua asubuhi nzima. Kila tumbwi lina nguzo fupi mbili. Juu ya nguzo hizo nne hukaa fremu ya aluminiamu, na ndani ya fremu huwambwa turubai kwa kamba, kama mtu awambavyo kitanda. Hapo ndipo nilipofurahi, kwani turubai likilegea chombo chote hutikisika, na kukaza kamba ni kazi ya mikono yetu tangu jadi. Kisha tukasimamisha mlingoti na kuushikiza kwa nyaya tatu, baada ya kutazama juu kwanza kama hapana waya wa umeme, kwa maana aluminiamu hupitisha umeme na watu wamekufa kwa kusahau hilo. Mwisho tukatia sukani mbili zilizounganishwa kwa mti mmoja, na tukaviziba vitundu vya nyuma vya kutolea maji.

Muda wote huo mpwa wangu alikuwa na kijitabu cha Kiingereza mkononi. Kila kamba aliitaja kama kijitabu kilivyoitaja. Nje ya mlingoti, tanga na usukani, hakuwa na neno la kwao hata moja, naye ni mtoto wa mabaharia.

Tulisoma dua ya kupanda chombo, tukaondoka baada ya Adhuhuri. Ziwa halina kupwa wala kujaa, kwa hiyo hungoji maji. Wangoja upepo tu, na alasiri huvuma kutoka ziwani kuingia nchi kavu. Maji yake hayana chumvi, kwa hiyo chombo huzama kidogo zaidi kuliko baharini. Kugeuka nako ni kwingine. Sisi wa jahazi na ngalawa huupa upepo mgongo, tukahamisha foromali upande wa pili. Katamarani huukabili upepo kwa omo, nayo ni nzito kugeuka. Ukiharakisha usukani itasimama njiani. Hulazimu kuliacha tanga dogo la mbele lishike upepo upande usio wake, liisukume omo hata ipite.

Basi tulikuwa mbali na ufuo upepo ulipozidi ghafula. Tumbwi la upande wa upepo likainuka juu ya maji, na la upande wa pili likaanza kutumbukiza pua. Kamba ya tanga kubwa ilikuwa mkononi mwa mpwa wangu. Nikapiga kelele, "Achia demani!" Akanitazama kwa mshangao, "Demani ndiyo ipi, mjomba?" Nikampokonya ile kamba nikailegeza mwenyewe, na tumbwi likarudi majini kwa kishindo. Alhamdulillahi, hatukupinduka. Lakini swali lile limenikaa moyoni kuliko ile hofu.

Tuliporudi ufuoni tulikaa chini, nikamtajia: demani, joshi, jarari, omo, tezi. Akaandika kila jina kwenye kipande cha plasta na kukibandika mahali pake. Kesho yake nilisema neno moja tu, naye akalegeza kabla sijamaliza.

Huko ziwani wavuvi wa Kijaluo wangali wakitumia tanga la pembe tatu lenye foromali, lililofika kwao pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Tanga letu limesafiri hata bara likakaa, na sisi majina yake tunayaacha nyumbani yafe! Mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, umetoweka katika maji yetu. Chombo kikiondoka, maneno yake hayakawii kukifuata.

Vijana wa Lamu bado hushindana kwa majahazi, na hilo ni jambo la kushukuru. Basi wazee tusiwape tanga tu, tuwape na jina la kila kamba, tena tuyaandike. Nanyi vijana ulizeni huku nahodha wangali hai. Chombo kinaweza kutoka California, nacho kitatusikia kwa Kiswahili. Lakini upepo ukizidi, hautamngojea mtu atafute neno.