Wastani wa Alama na Upangaji wa Programu kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi: Mfano wa Chuo Kikuu cha Texas A&M

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu kadhaa vya Amerika ya Kaskazini, mwanafunzi hudahiliwa kwanza katika uhandisi kwa jumla, kisha hupangwa katika programu mahususi, kama vile uhandisi mitambo, uhandisi ujenzi au uhandisi kompyuta, baada ya masomo ya mwaka wa kwanza. Utaratibu huu ni tofauti na ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwombaji huchagua programu tangu anapoomba udahili, na ushindani wa nafasi humalizika kabla ya masomo kuanza. Makala hii inafafanua jinsi wastani wa alama unavyotumika katika upangaji huo kwa kurejelea Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani. Hoja kuu ni kwamba wastani, ingawa huandikwa kama nambari moja, hubeba mambo mawili: ufaulu wa mwanafunzi na muundo wa mzigo wake wa kozi. Jambo hilo la pili ndilo husahaulika, ilhali linaweza kuamua mtu atasomea taaluma gani.

2.0 Jinsi Wastani Unavyokokotolewa

Chuo Kikuu cha Texas A&M hutumia kipimo chenye upeo wa 4.0. Daraja A lina pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1 na F pointi 0. Hakuna madaraja ya kati kama B+. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, mazao hujumlishwa, na jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya krediti zote zilizopewa daraja. Msomaji aliyezoea kipimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho upeo wake ni 5.0, hana budi kuzingatia tofauti hii. Wastani wa 3.75 ni asilimia 75 ya upeo wa Dar es Salaam, lakini ni karibu asilimia 94 ya upeo wa Texas.

Kwa kuwa krediti ndizo uzito wa kozi, daraja B katika kozi ya kalkulasi yenye krediti 4 hupunguza pointi 4 kutoka jumla, na daraja hilohilo katika maabara ya kemia yenye krediti 1 hupunguza pointi 1 tu.

3.0 Kizingiti cha 3.75

Katika utaratibu wa upangaji wa chuo hiki, mwanafunzi aliyetimiza masharti ya kozi na kupata wastani wa 3.75 au zaidi amekuwa akihakikishiwa programu aliyoitaja kuwa chaguo lake la kwanza. Awali kizingiti hicho kilikuwa 3.5. Walio chini yake hupitiwa mmoja mmoja, kwa kuangalia alama pamoja na maelezo yao ya kimaandishi, na hushindania nafasi zilizobaki. Kwa hiyo, mwanafunzi mwenye 3.7 hajafeli, alichopoteza ni uhakika. Ukubwa wa hasara hiyo hautegemei juhudi zake pekee, bali pia idadi ya wenzake waliovuka kizingiti na kuchagua programu ileile.

Mfano ufuatao wa kukokotoa unaonyesha jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Mwanafunzi wa kwanza ana krediti 30, ambazo pointi zake za juu kabisa ni 120. Amepata B katika kalkulasi (krediti 4) na fizikia (krediti 3), na A katika kozi nyingine zote. Pointi zake ni 113 na wastani wake ni 3.77, amevuka. Mwanafunzi wa pili ana matokeo hayohayo, ila amepata B pia katika maabara ya krediti 1. Pointi zake ni 112 na wastani wake ni 3.73, hakuvuka. Mwanafunzi wa tatu ana B mbili kama za yule wa kwanza, lakini jumla ya krediti zake ni 24. Pointi zake ni 89 kati ya 96 na wastani wake ni 3.71, naye hakuvuka.

4.0 Tafsiri ya Matokeo

Mwanafunzi wa kwanza na wa tatu hawatofautiani katika kalkulasi wala fizikia. Kinachowatenganisha ni kigawanyo. Hali kama hii inaweza kumpata mwanafunzi aliyeingia chuoni akiwa na krediti za kozi za kiwango cha chuo alizosoma sekondari. Krediti hizo hutambuliwa bila kuingizwa katika wastani. Zinampunguzia mzigo, lakini pia zinamwachia kozi chache za kufidia B moja. Kwa upande mwingine, aliyetoka katika shule isiyofundisha kozi hizo hukutana na kalkulasi kwa mara ya kwanza katika muhula uleule unaoamua programu yake. Kizingiti hakitambui tofauti hiyo.

Aidha, utaratibu huu unaweza kumshawishi mwanafunzi kuchagua kozi nyepesi na kukwepa kozi ngumu inayomfaa zaidi katika taaluma anayoitamani.

Kizingiti, hata hivyo, si sharti la lazima la kuwa na mwaka wa kwanza wa pamoja. Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada kina mpango uitwao TrackOne, ambamo mwanafunzi anayefaulu mwaka wa kwanza huhakikishiwa programu anayoichagua miongoni mwa programu kuu za uhandisi. Huko ushindani huwekwa mlangoni, kama ilivyo Dar es Salaam, na mwaka wa kwanza hubaki kipindi cha kuzifahamu fani.

5.0 Hitimisho

Wastani wa alama ni kipimo halali cha ufaulu wa jumla, lakini tofauti ya 3.73 na 3.77 haithibitishi tofauti ya uwezo wa kuwa mhandisi. Inapotumika kugawa nafasi chache, nambari hiyo isomwe pamoja na idadi ya krediti, uzito wa kozi na mahali daraja la chini lilipotokea. Mtafiti anayelinganisha wanafunzi kwa wastani pekee analinganisha pia mizigo yao ya kozi, hata kama hakukusudia.