Mshale Uliposhuka Njia ya Sericho

Wasomaji wetu mtatustahi tukianza na maji, ijapokuwa makala haya ni ya gari. Tulikuwa saba ndani ya Land Rover Series III aliyotuachia marehemu baba, tukimrudisha dada yetu kwa mumewe pamoja na mtoto wa miezi mitatu aliyemzaa kwetu Mombasa. Tuliondoka mji wa Isiolo baada ya sala ya alfajiri, tukaipita Kulamawe, kisha tukaiacha barabara kuu iendayo Modogashe na kuishika njia ya mchanga ya kwenda Sericho. Nyuma tulipakia madumu matatu ya maji ya kunywa, lita 20 kila moja.

Geji ya joto ya gari hilo haikuwa na tarakimu. Upande mmoja ina alama ya baridi, upande wa pili alama ya moto, na mshale huenda baina yake. Asubuhi nzima mshale ulisimama katikati. Karibu na adhuhuri ukapanda kidogo, kisha, pasi na sababu tuliyoijua, ukaanza kushuka. Kaka yetu aliyeshika usukani akasema, "Alhamdulillahi, imepoa." Sote tukaitikia. Hazikupita dakika kumi injini ikaanza kugonga, nguvu zikapotea, na harufu ya mpira unaoungua ikatujia hadi viti vya nyuma.

Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka na maji yote yamemwagika mchangani. Kaka alinyoosha mkono kwenye mfuniko, mama akamzuia: "Mwanangu, uache huo. Mvuke haumjui mtu." Tukangoja karibu saa nzima chini ya mgunga. Tulipoweza kuishika injini kwa kiganja, tukaufunga mpira kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukamimina maji polepole, kwani maji baridi yakiingia ghafla katika chuma chenye moto huweza kukipasua. Mfuniko tukauacha legelege ili maji yasipate msukumo wa kulifumua lile fundo.

Dumu la kwanza likaingia lote. La pili likaisha kidogo kidogo njiani, kila tuliposimama. La tatu mama alilikalia, akasema wazi kwamba hilo ni la dada anyonyeshaye na la watoto, na injini ikitaka ife. Sala ya adhuhuri tuliisali kwa kutayamamu, na maji yako mbele ya macho yetu. Tulifika Sericho baada ya Magharibi, na akina mama wa Kiborana walitupa maziwa ya ngamia kabla ya kutuuliza habari.

Kwa asiyeijua, Sericho iko mashariki ya kaunti ya Isiolo, upande ambao mto Ewaso Nyiro, ambao wenyeji huuita Waso, huelekea kufifia katika kinamasi cha Lorian. Ulimwengu wa wataalamu uliisikia mwaka 2016, pale ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao walipokuta mawe mazito ya chuma yaliyoanguka kutoka mbinguni. Hata leo vimondo hivyo huitwa kwa jina la mji huo. Wenyeji wenyewe huzungumzia maji zaidi kuliko vimondo. Twasema haya ili ieleweke kwamba kumwaga lita 40 katika rejeta, katika nchi kama hiyo, si hasara ndogo.

Gari lilivutwa na lori hadi Isiolo. Gasketi ilikuwa imeungua na hedi ikabidi ichongwe. Ni fundi mmoja mzee wa huko aliyetufumbulia fumbo la mshale. Sensa ya geji, alisema, hupima kile kinachoigusa tu. Ikiwa ndani ya maji, itakwambia joto la maji. Maji yakiondoka, hubaki ikining'inia katika hewa na mvuke, nao hauipashi joto kama maji yafanyavyo. Basi mshale hushuka huku chuma kikizidi kuwaka. Kwa hiyo mshale unaoshuka ghafla katika jua kali ni wa kutisha kuliko unaopanda. Akaongeza kwamba katika Series III geji ya joto na ya mafuta hupata umeme wao kwa kidhibiti kimoja. Mishale yote miwili ikipanda pamoja, atazamwe yeye kwanza kabla ya kulaumiwa injini.

Tuliporejea Mombasa tuliamua kufunga geji mpya yenye tarakimu, kuanzia 40 hadi 120, pamoja na sensa yake. Hivi viwili vinunuliwe pamoja: kila geji imetengenezwa kwa sensa ya aina yake, na ukichanganya utasoma namba za uongo. Zipo pia geji zisizotumia umeme, zenye mrija mwembamba wa shaba uliojazwa kimiminika, nazo ni amini sana, lakini mrija ukikunjwa au kukatika huna dawa.

Kabla ya kufunga tuliijaribu jikoni. Mama alibandika sufuria ndogo, tukaunganisha geji na betri, tukatia waya wa ethi kwenye mwili wa sensa, tukaitumbukiza ncha yake katika maji yanayotokota. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Mshale wetu ulisimama 104. Tukaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kava ya jua: punguza nne. Anayefanya jaribio hili Isiolo akumbuke kwamba mji uko juu, maji huchemka yapata nyuzi 96.

Kufunga kwenyewe kulichukua nusu siku. Betri ilitolewa waya kwanza. Maji ya rejeta yalikingwa kwa beseni na beseni likaondolewa uani mara moja, kwani dawa ya rejeta ni sumu yenye utamu, na paka na watoto huionja. Fundi alikata mpira wa juu wa rejeta akaingiza kipande cha bomba la aluminiamu chenye tundu la sensa. Kwa kuwa bomba hilo limezungukwa na mpira, halina ethi. Lazima livutiwe waya hadi kwenye chuma cha injini, nao wengi huusahau. Utepe mweupe wa mafundi bomba usizungushwe ovyo kwenye nyuzi za sensa, huweza kuikatia ethi vilevile. Umeme ulichukuliwa kwenye swichi ya ufunguo kupitia fyuzi, na waya ukapitishwa mbali na ekzosi.

Hiyo peke yake isingetuokoa siku ile. Maji yakishakwisha, sensa mpya nayo ingedanganya kama ya zamani. Ndipo tukaongeza kitu cha pili, sensa ya pete iliyobanwa chini ya bolti ndogo kwenye chuma cha hedi (si bolti zinazoikaza hedi, hizo zisiguswe), iliyounganishwa na kengele. Hii huuliza chuma, wala haijali kama maji yapo. Bei yake tuliilalamikia, mpaka mama alipouliza gasketi ile ilikuwa kiasi gani.

Tulirudi Sericho mwezi wa Shawwal. Themostati yetu hufunguka kwa nyuzi 82, na njia yote ya lami tulisoma baina ya 85 na 90, tukikumbuka kupunguza nne. Mchangani, gia ya chini, upepo ukitusukuma kutoka nyuma, tarakimu zilipanda: 94, 98, 102. Mtoto, ambaye sasa anatembea, alikuwa amelala. Kaka aligeuza gari likaukabili upepo, akaliacha likinguruma taratibu bila kulizima, tukafungua boneti na kunywa chai ya chupa. Baada ya robo saa ilikuwa 92. Kengele haikulia.

Madumu yote matatu yalifika yamejaa. Mama alichukua lake, akaenda nyuma ya nyumba kutawadha.