Mugumo wa Kando ya Njia

Leo twanena habari za mti.

Katika Nairobi, upande wa Westlands, kando ya njia iitwayo Waiyaki Way, upo mugumo mkubwa, kimo chake kama nyumba ya orofa nne, nao husemwa kuwa umepita miaka 100. Mwaka 2020 ilianza kujengwa barabara ya juu ya kilomita 27, toka Mlolongo hata Westlands, na mti ukaonekana umesimama katika njia ya wajenzi. Ikanenwa kwamba hauna budi kuondolewa. Hapo maneno yakawa mengi. Hawa walisema, watu hukwama njiani saa nyingi, je, mti mmoja uwazuie? Wale wakajibu kwamba miti mingi imekwisha kuanguka kwa ajili ya barabara hiyo, basi na usalie huu. Mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mugumo usiguswe. Barabara ilipofunguliwa mwaka 2022, mti ulikuwa ungali umesimama.

Lakini katika nyumba za Wakristo huulizwa neno la pili. Wakikuyu wa zamani walimwomba Ngai chini ya mugumo, wakachinja kondoo hapo na kuelekeza nyuso zao mlima Kirinyaga. Je, si vema mti wa namna hiyo uanguke? Wako wasemao ndiyo, nao humtaja mfalme Yosia. Hatuwacheki, maana wazee walioacha mila ili wabatizwe walijua uzito wa jambo hili kuliko sisi. Ila Yosia alibomoa madhabahu na sanamu, kazi za mikono ya watu. Mugumo haukufanywa na mtu. Mara nyingi ndege hudondosha mbegu juu ya mti mwingine, mizizi ikashuka polepole hata chini. Matunda yake hulisha ninga na hondohondo. Na Torati, katika Kumbukumbu 20, hulikataza hata jeshi lizingiralo mji kuipiga shoka miti ya matunda. Tena mugumo ni wa jamaa moja na mkuyu aliopanda Zakayo, wala hatujasikia kwamba mkuyu ule ulikatwa kwa kuwa mtoza ushuru alikaa juu yake.

Nyumba nazo zahitajika. Kijana aoaye hawezi kulala tawini, na asemaye kwamba kila mti usiguswe hajapata kutafuta chumba cha kupanga mjini. Lakini yafaa kuuliza nyumba ni za nani. Mwaka 1998 msitu wa Karura, katika Nairobi, ulikuwa umegawanywa ili zijengwe nyumba za fahari. Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mti pale Januari 1999, walipigwa hata damu ikatoka. Msitu ulisalia.

Mama huyo, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikulia Ihithe katika Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, akimwambia kwamba ni mti wa Mungu. Karibu na mti palikuwa na kijito, naye alicheza humo na mayai ya vyura, akijaribu kuyatunga kama ushanga, nayo yakamponyoka vidoleni. Baadaye alieleza kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwamba hata maji ya chini yakapata njia ya kutoka, tena hushika udongo wa mteremko usiporomoke. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, aliona kwamba mwenye shamba mpya ameukata ili apande chai. Kijito kilikauka, na vyura hawakuwapo. Na pale penyewe palipokuwa na shina pakabaki kipara, hata chai haikumea.