Chokaa Katika Vilango vya Moyo

Mto Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mitambo ya Ruvu Juu, iliyoko Mlandizi wilayani Kibaha, na ile ya Ruvu Chini, Bagamoyo, husafisha maji yake kwa matumizi ya wakazi wa Kibaha, Kisarawe na Dar es Salaam. Miongoni mwa wanaoyahitaji sana maji safi wamo wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi, nao husafishwa damu kwa mashine.

Ndani ya mashine hiyo, damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na maji yenye chumvi maalumu hupita upande wa pili kwa kiasi cha mililita 500 hivi kila dakika. Mwanafunzi na apige hesabu: kwa saa 4 ni lita 120, kwa mara 3 za kila juma ni lita 360.

Wagonjwa wengi wa namna hii huonekana kuwa na chokaa katika vali, yaani vilango vya moyo. Je, chokaa hiyo imetoka katika maji, kama ukoko mweupe wa ndani ya birika? Swali hili si dogo, kwa maana anayeamini hivyo aweza kuacha matibabu yanayomweka hai.

Jibu ni kwamba sivyo. Kabla ya kutumika, maji husukumwa kupitia utando unaozuia karibu chumvi zote, kisha kalsiamu huongezwa kwa kipimo. Zaidi ya hayo, ukoko wa birika ni kaboneti ya kalsiamu. Ukitiwa siki hutoa mapovu. Chokaa ya moyoni ni hasa fosfeti ya kalsiamu, madini yale yale yajengayo mifupa.

Chanzo chake ni mwilini. Figo nzima hutoa fosfeti inayozidi kupitia mkojo. Figo zikishindwa, fosfeti hurundikana, na mashine huondoa sehemu tu. Hapo baadhi ya chembe hai za vali hubadilika na kufanya kazi kama chembe zijengazo mfupa. Vali ambayo hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku hukakamaa, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa taabu.

Madhara yake si madogo. Mwaka 2003 watafiti wa Hong Kong walieleza habari za wagonjwa 192 waliosafishwa damu kwa njia ya tumbo. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 wenye chokaa walikuwa hai 70 hivi. Katika kila 100 wasio nayo, 93. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba chokaa pekee ndiyo iliyoua: huenda pia ni ishara ya mishipa iliyoharibika mwili mzima.

Basi mgonjwa amalize saa zake zote za matibabu, ameze dawa za kuzuia fosfeti ya chakula kama alivyoagizwa, na amwulize daktari kuhusu vyakula kama dagaa. Nasi wenye figo nzima tupime shinikizo la damu na sukari mapema, kwa kuwa hayo mawili ndiyo maadui wakuu wa figo.