Je, Wajua? Sensa Inayodanganyika Ndani ya Ekzosi

Gari lililofungwa mfumo wa gesi linaweza kuchafua hewa vibaya bila kutoa moshi hata chembe. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na methani isiyoungua nayo ni vivyo hivyo. Mwenye Toyota IST ya mwaka 2004 anayejaza gesi asilia Ubungo anaweza kuzunguka Dar es Salaam kutwa nzima akiamini gari lake ni safi, mpaka siku litakapochomekwa bomba la mashine ya kupimia.

Gesi yenyewe haina ubaya. Methani ina atomi moja tu ya kaboni kwa nne za hidrojeni, hivyo kwa nishati ileile hutoa kaboni dayoksaidi pungufu kwa takriban robo kuliko petroli. Tatizo ni kipimo. Kilo moja ya petroli huungua barabara kwa kilo 14.7 za hewa. Methani hutaka 17.2. Gari lilitoka kiwandani likiijua hesabu ya kwanza peke yake.

Msimamizi wa hesabu hiyo ni sensa ya oksijeni, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichokazwa kwenye ekzosi karibu na injini. Bosch walianza kuizalisha mwaka 1976, na Volvo wakatangulia kuifunga kwenye magari ya soko la Marekani, California ikiwa imeshabana sheria za moshi. Ndani mna kauri ya zirkonia iliyopakwa platini. Upande mmoja unagusa hewa ya nje, wa pili unagusa moshi. Kauri ikifika nyuzi 300 hivi za joto huanza kupitisha ioni za oksijeni kutoka kwenye nyingi kwenda kwenye chache, na hapo umeme huzaliwa. Mafuta yakizidi, volti hupanda hadi karibu 0.9, hewa ikizidi, hushuka hadi 0.1. Kompyuta ya gari husoma, ikaongeza au kupunguza mafuta.

Sasa utamu uko hapa: sensa haioni mafuta, inaona oksijeni tu. Plagi ikichoka na silinda moja ikaruka bila kuwaka, gesi mbichi na hewa yake vyote hutokea ekzosini. Sensa inakuta oksijeni tele, inaripoti kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza. Silinda zilizokuwa nzima sasa zinazidiwa mafuta, na kaboni monoksaidi inapanda. Tundu dogo kwenye gasketi ya ekzosi, kabla ya sensa, hufanya hivyohivyo, kwa sababu kati ya pigo moja na jingine ekzosi huvuta hewa ya nje. Fundi anayekimbilia kubadilisha sensa hapo amemtupia mteja fedha zake. Sensa ilisema kweli juu ya ilichokiona.

Na gesi inataka cheche kali kuliko petroli. Plagi na koili zinazosameheka kwenye petroli huumbuka kwenye gesi, hasa ukikanyaga mafuta kupandisha mlima. Mianya ya valvu nayo ikaguliwe, maana gesi kavu hula viti vyake.

Kuna pia suala la kompyuta mbili. Kwenye mifumo mingi ya sasa, kompyuta ya gesi hunasa amri iliyokusudiwa nozeli za petroli, tuseme kufunguka kwa milisekunde 3, ikaizidisha kwa namba aliyoiweka fundi, kisha ikafungua nozeli za gesi. Namba ikiwa ndogo, kompyuta ya petroli huongeza muda kufidia, na nyongeza hiyo huikumbuka. Kesho yake asubuhi gari linawashwa kwa petroli, kama kawaida mpaka maji yapate joto, nalo linamwaga petroli kufidia kosa la gesi.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi huizima gesi kwanza, akalinyoosha gari kwenye petroli, ndipo anapochomeka laptopu. Injini ikiwa ya moto, mizunguko 2,500 kwa dakika, anasoma milisekunde za nozeli za petroli, anageuza swichi kwenda gesi, anasoma tena. Namba isisogee. Ikisogea pale tu injini inapobebeshwa mzigo, mshukiwa ni filta ya gesi iliyoziba kwa oili ya kompresa za vituoni, au kiwambo kilichokakamaa ndani ya kipunguza mgandamizo.

Masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, hufuata mwisho. Platini, paladi na rodi zilizomo humaliza kaboni monoksaidi kwa urahisi, lakini methani ni ngumu kuvunjika, inataka zaidi ya nyuzi 400, na kila kilo inayoponyoka hupasha dunia joto kama mara 28 ya kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Wapo wanaoyang'oa na kuyauza, kisha wanaizima taa ya injini kwa ujanja. Mimi huo siuiti ufundi. Hata anayenunua masega mapya asiyafunge kabla ya kutibu silinda inayoruka: gesi mbichi itakwenda kuungulia humohumo ndani, na joto lake linatosha kuyayeyusha.