Wawili Mlangoni: Maisha ya Kijana Misionere kati ya Watu wa Kihispania

Somo la kusoma nyumbani: Luka 10:1-9



Wengi wenu katika Lubumbashi na Kinshasa mmekwisha kuwaona: vijana wawili, shati nyeupe, kravati, na kibao kidogo cheusi kifuani chenye jina. Ni wamisionere wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni. Serikali ya inchi yetu ililitambua kanisa hilo mwaka 1986, na hekalu lao la Kinshasa lilizinduliwa mwaka 2019. Imani yao na yetu hazifanani katika mambo mengi. Wao wana Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa Marekani mwaka 1830, ambacho sisi hatukihesabu kati ya Maandiko. Hata hivyo, msikilizaji mmoja alituuliza vijana hao wanaishi namna gani. Tumjibu kwa kumfuata kijana wa Marekani aliyetumwa kwa wahamiaji wanaosema Kihispania, katika mji kama Los Angeles.

Anatumwa namna gani?

Hachagui mahali pa kwenda. Anaandika kwamba yuko tayari, kisha anangoja barua ya kanisa inayomwambia mahali na lugha. Mwaka 2012 wavulana waliruhusiwa kuanza wakiwa na miaka 18, na wasichana wakati ule miaka 19. Mvulana anatumika miezi 24, msichana miezi 18. Hakuna mshahara. Yeye na jamaa yake ndio wanaochanga, na kwa kijana wa Marekani mchango uliwekwa kuwa dola 500 kwa mwezi tangu mwaka 2020. Kwa miezi 24 hiyo ni dola 12 000. Wengine wanaanza kuweka feza hiyo wakiwa watoto wadogo.

Zamani kijana aliongea na wazazi kwa telefone mara mbili tu kwa mwaka: Noeli na Siku ya Mama. Barua ndizo zilizojaza miezi iliyobaki. Ni mwaka 2019 tu waliporuhusiwa kupiga simu nyumbani kila juma.

Siku yake

Kwa desturi anaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ananyoosha viungo, anaoga, anakula, anaomba. Kisha anasoma Maandiko, peke yake na pamoja na mwenzake, na baadaye anajifunza lugha. Kunapokaribia saa nne wanatoka, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari, na wanarudi usiku kwenye saa tatu. Saa nne na nusu taa inazimwa. Siku moja katika juma, mara nyingi siku ya kwanza, ni ya kufua nguo, kwenda sokoni na kuandika nyumbani.

Mwenzake hakumchagua. Wanakaa chumba kimoja, wanatembea pamoja, na hakuna anayeruhusiwa kwenda peke yake. Wakikosana asubuhi, watagonga mlango uleule mchana. Kila baada ya majuma kama sita inaweza kuja habari kwamba mmoja anahamishwa.

Lugha inamnyenyekeza

Kabla ya kufika anafundishwa Kihispania karibu majuma sita. Anajua kuomba na kusema somo alilotayarisha. Lakini mama anayefungua mlango hajui somo hilo. Anasema haraka, na maneno ya mtu wa Meksiko si yote ya mtu wa El Salvador.

Kuna kosa moja linalojulikana sana. Msichana anataka kusema ameona haya. Anachukua neno la Kiingereza, analigeuza kidogo, anasema «embarazada». Watu wa nyumba wanaangua kicheko, kwa maana amewaambia kwamba ana mimba.

Lazima ajifunze pia heshima. Kihispania kina «tú» kwa rafiki na «usted» kwa mkubwa, sawa na «tu» na «vous» za Kifaransa chetu. Kijana aliyezoea Kiingereza, ambamo wote wanaitwa namna moja, anasahihishwa na wamama jikoni, hata na watoto wao.

Nyuma ya mlango

Wengi anaowatembelea ni Wakatoliki. Ukutani kuna picha ya Bikira Maria wa Guadalupe, na sikukuu yake ya tarehe 12 Desemba hawaiachi. Baba ametoka kujenga nyumba za wengine, mama ametoka kuzisafisha. Wako wasio na karatasi za kukaa katika inchi. Mlango ukigongwa, moyo unaruka: ni nani? Sisi ambao tuna ndugu katika ukimbizi tunaelewa woga huo bila kufundishwa.

Basi kijana anajifunza kungoja. Mara nyingi anaambiwa hapana, lakini kwa upole: hatutaki kubadili dini, ila ingieni mle. Anapewa pupusa, mkate wa mahindi wenye maharagwe au jibini ndani. Mahindi kwa watu hao ni kama bugali kwetu: hakuna mgeni anayeyakataa. Jioni nyingine yeye na mwenzake wanafundisha Kiingereza bure, kwa sababu mtu anayekijua kidogo anaweza kusema na bosi wake na daktari wa mtoto wake. Huko kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi.

Si wote wanaomaliza. Wengine wanarudi mapema kwa ugonjwa au kwa moyo uliochoka, na wanaogopa macho ya watu kanisani. Mzazi anayempokea mtoto kama huyo ana kazi kubwa kuliko ya kumsindikiza.

Na sisi?

Katika Luka 10, Yesu anawatuma wanafunzi wawili wawili bila mfuko. Anawaambia waingie nyumba kwa amani na wale wanachopewa. Aliyetumwa hivyo atamhitaji mwenye nyumba. Sisi mara nyingi tunamtuma kijana wetu na mikrofoni na sauti kubwa. Anafika Shabunda, anahubiri kwa Kiswahili saa mbili, na bibi anayeomba kwa Kilega anabaki kusema amina bila kusikia. Tunaweza kukataa mafundisho ya Wamormoni na bado kukubali kwamba majuma sita ya kujifunza lugha ya mtu ni namna ya kumpenda.

Tuulizane nyumbani: Jirani yetu wa lugha nyingine, tunajua kumsalimia kwa lugha yake? Kijana wetu aliyerudi kabla ya wakati, tulimpokea namna gani?

Tuombe: Bwana, utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amina.