Fedha za Elimu: Shule ya Msingi au Chuo Kikuu?



Katika mkutano wa tawi letu, tulipokuwa tukizungumza habari za kilo na mizani, mama mmoja mchuma chai alisimama akauliza jambo ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema: "Fedha ya serikali ni moja, na inatoka kwetu. Kwa nini isitumike yote kwa hawa watoto wadogo wanaokaa chini kwa kukosa madawati, badala ya kuwasomesha wakubwa wa Makerere?" Mzee mmoja wa kiwandani, ambaye kijana wake alikuwa amefaulu kidato cha sita, akamkata kauli: "Na sisi tulioteseka mpaka tukamfikisha mtoto mlangoni, mlango ufungwe?" Mkutano ukagawanyika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuongoza, na jibu nililotoa halikumridhisha hata mmoja. Leo najaribu tena, kwa maandishi.

Kwanza nijieleze. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nilifanya mtihani wa mwisho mwaka 1994 nikapita vizuri, lakini ada ya sekondari haikupatikana, nikachukua kikapu nikaenda kuchuma chai. Baba yangu alikuwa kibarua, na kila mwaka alidaiwa kodi ya kichwa. Wenye umri wangu hapa Uganda wanakumbuka jinsi wanaume walivyokuwa wakilala vichakani kuwakimbia askari wa kodi hiyo, mpaka ilipoondolewa mwaka 2005. Basi katika miaka ile baba yangu alilipa kodi, akalipa na ada yangu ya shule ya msingi, wakati mwanafunzi aliyechukuliwa na serikali Makerere alisomeshwa, akalishwa na kulazwa kwa fedha ya umma. Mtoto wa kibarua alilipa ili ajue kusoma, na aliyekwisha kujua kusoma alilipiwa. Mimi sina chuki na mtu, lakini hesabu hiyo haikuwa ya haki.

Msifikiri kwamba Makerere ilianza kuwa mali ya mabwana. Ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Ilianza na watu wa mikono kama sisi. Baadaye ikakua, ikatoa madaktari, waalimu na viongozi wa nchi hizi za Afrika ya Mashariki.

Mabadiliko yalikuja kwa pande mbili. Upande wa juu, serikali ilianza kupunguza posho za wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 1990 wanafunzi wa Makerere waligoma, na wawili wakauawa kwa risasi. Sisi watu wa chama tunajua mgomo ni nini, na hatuwezi kusema walistahili. Kuanzia mwaka 1992 chuo kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na haikupita miaka kumi hao wakawa wengi kuliko wale wa serikali. Upande wa chini, mwezi wa Januari 1997, serikali ikaondoa ada katika shule za msingi. Mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia. Mwaka 1996 watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa milioni 3 hivi. Mwaka uliofuata walipita milioni 5. Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003, Burundi mwaka 2005.

Nyumbani kwetu walikuwa wamebaki watano wa umri wa shule. Wanne wakaandikwa bure, wa tano nikamlipia mimi kutoka katika mshahara wa chai. Mdogo wangu wa kike, ambaye bila mpango huo angalikuwa amefungiwa kikapu mgongoni, alisoma mpaka darasa la saba, na leo ni karani wa mizani. Anasoma mwenyewe kile anachotia sahihi. Anayesema kwamba mpango ule haukuwa kitu hakupata kuishi katika kambi ya vibarua.

Lakini tusidanganyane. Watoto walijaa, majengo na waalimu hawakuongezeka kwa kasi ile. Mdogo wangu huyo alisoma chini ya mwembe, na mvua iliponyesha shule ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo. Fedha iliyotolewa mwanzoni kwa mtoto mmoja ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa madarasa ya chini, na 8,100 kwa madarasa ya juu. Chakula cha mchana kiliachwa kwa wazazi. Mtoto wa mchuma chai anaondoka asubuhi mama akiwa amekwisha kwenda shambani, anakaa mpaka saa tisa na tumbo tupu. Huyo hata umpe mwalimu bora, atasikia nini?

Tena kuna jambo ambalo kila mfanyakazi analipaswa kulijua. Watafiti walifuata fedha za serikali zilizokuwa zikipelekwa katika shule za msingi za Uganda kati ya mwaka 1991 na 1995. Waliona kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa kwa matumizi ya shule, zilizofika shuleni zilikuwa 13 tu kwa wastani. Nyingine zililiwa au zilipotezwa njiani, katika ofisi za wilaya. Ndipo serikali ikaamuru kwamba fedha zinazopelekwa zitangazwe magazetini, na kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea. Ilipofika mwaka 2001 sehemu kubwa sana ya fedha hizo, zaidi ya 80 katika kila 100, ilikuwa ikifika. Kilichofanya kazi hiyo ni karatasi ukutani na mzazi anayejua kuisoma.

Sasa nirudi kwa yule mama na yule mzee.

Mama ana haki katika jambo la kwanza. Mtoto wa kibarua hasimami kwenye lango la Makerere. Anaangukia darasa la tatu, la nne, la tano, kwa njaa, kwa kukosa daftari, kwa kumlea mdogo wake, kwa kuitwa shambani wakati wa majani mengi. Kila shilingi inayowekwa juu inamkuta tayari amekwisha kuanguka. Tuliona wazi wakati wa ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa mwezi wa Machi 2020. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vikuu, pamoja na madarasa ya mitihani, waliitwa warudi Oktoba mwaka huo huo. Watoto wadogo wa madarasa ya chini walikaa nyumbani mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Wenye nyumba nzuri walisoma kwa simu na televisheni. Wa kwetu walisoma mistari ya chai. Wengine hawakurudi darasani.

Lakini mzee naye ana haki. Tukisema chuo kikuu kinyimwe fedha kabisa, hakitafungwa. Kitabaki wazi kwa mwenye fedha. Daktari wa zahanati, mhandisi wa mtambo wa kukausha majani, mwanasheria anayetutetea mkono wa mwenzetu unapokatwa na mashine, wote watatoka katika nyumba za matajiri, na watatutazama kama watu wa nchi nyingine. Nafasi za serikali katika vyuo vikuu ni kama 4,000 kwa mwaka. Nyingi hutolewa kwa alama tu, na alama za juu hupatikana zaidi katika shule chache za gharama, karibu na Kampala. Kwa hiyo mara nyingi anayelipiwa na umma ni yule ambaye baba yake angaliweza kulipa. Tangu mwaka 2005 kuna fungu la wilaya, ambalo hutoa nafasi 900 hivi kati ya hizo, na tangu mwaka 2014 kuna mikopo ya serikali kwa wanafunzi. Hatua hizo ni njema, lakini bado ni ndogo.

Basi jibu langu ni hili. Shule ya msingi itangulie: mwalimu aliyelipwa, darasa lenye paa, kitabu, na chakula cha mchana. Hiyo ndiyo elimu ambayo kila mtoto wa kibarua anaweza kuifikia, na bila hiyo hakuna nyingine. Chuo kikuu kisinyimwe, lakini fedha yake imfuate mtoto wa maskini aliyefaulu. Mwenye uwezo alipe. Asiye na uwezo asomeshwe mpaka mwisho. Mama na mzee si maadui. Tukiacha wagombane, atakayefurahi ni yule anayekula shilingi njiani.

Na sisi wenyewe tufanye nini? Kila ununuapo sabuni na sukari unalipa kodi ya 18 kwa 100. Wewe si mwombaji katika shule ile, wewe ni mwenye mali. Nenda shuleni ukatazame karatasi ya fedha. Ikiwa haipo ukutani, muulize mwalimu mkuu kwa adabu, na usiende peke yako, nendeni watu watano. Wazazi wana viti katika kamati ya shule: wachagueni wafanyakazi, si wenye maduka peke yao. Tunapokaa na mwajiri kujadili mkataba, tusiishie kwenye bei ya kilo. Tudai uji wa watoto wa shule ya shambani, na mahali pa kulelea wachanga, ili dada mkubwa asiachishwe shule kuwa yaya. Na mtu asiingize mtoto wake katika mistari ya chai ili kuongeza kilo. Najua njaa inavyosukuma. Mimi mwenyewe niliingia hivyo. Lakini kila kilo ya mtoto inateremsha bei ya kilo ya mama yake.

Kijana wa yule mzee ameomba mkopo wa serikali na hajajibiwa. Chama kimemwandikia barua ya kumsaidia. Na yule mama, siku tatu baada ya mkutano, alikwenda shuleni na wenzake wanne. Karatasi haikuwapo ukutani. Waliambiwa warudi Jumatatu. Walirudi.